Baldur's Gate: Dark Alliance

Baldur's Gate: Dark Alliance ni mchezo wa video wa mapigano uliotengenezwa na kampuni ya Marekani ya Snowblind Studios na kutolewa mwaka 2001 kwa ajili ya PlayStation 2, ambayo ni konsoli, yaani mashine ya michezo inayounganishwa na runinga. Mchezo huu ni tawi la mfululizo wa Baldur's Gate, ulioanzishwa na BioWare mwaka 1998 kwa ajili ya kompyuta, ambamo mchezaji huongoza kundi la wahusika, huzungumza kwa kirefu na watu anaokutana nao na huweza kusimamisha pambano ili apange mbinu. Dark Alliance, kwa upande wake, humpa mchezaji mhusika mmoja kati ya watatu, ambao ni Vahn mpiga upinde, Adrianna mlozi na Kromlech mpiganaji kibeti, na humtaka apigane papo hapo bila kusita, huku wachezaji wawili wakiweza kushirikiana kwenye skrini moja. Hata hivyo, kanuni zake bado zimejengwa juu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Toleo la pili lilitoka mwaka 2004.