Mushingantahe si "Mzee" Tu: Historia ya Heshima Moja Nchini Burundi

Kila mwaka, tunapofundisha somo la tafsiri baina ya Kirundi na Kiswahili, kuna neno moja linalotukwamisha sisi na wanafunzi wetu: umushingantahe. Wengi huandika "mzee" na kuendelea na sentensi inayofuata. Wachache huandika "mzee wa baraza". Mmoja, aliyekulia mtaa wa Buyenzi jijini Bujumbura, aliwahi kutuandikia "bwana". Hakuna kati yao aliyekosea kabisa, wala hakuna aliyepata. Katika makala haya tunataka kueleza ni kwa nini, kwa sababu ndani ya tatizo hilo dogo la tafsiri imejificha historia ndefu ya jinsi heshima ya wakubwa ilivyojengwa, ikaazimwa na watawala, na hatimaye ikachakaa mikononi mwao.

Tuanze na lugha, kwani ndiyo kazi yetu. Kitenzi cha Kirundi gushinga maana yake ni kusimika kitu ardhini. Intahe ni kifimbo. Mushingantahe, basi, ni yule asimikaye kifimbo. Alipokaa na wenzake kusikiliza shauri alikuwa nacho mkononi, na alipozungumza alikigonga chini taratibu, ili maneno yake yawe na mapigo na wasikilizaji watambue kwamba hayo si mazungumzo ya kilabuni. Hapo ndipo tafsiri ya "mzee" inapoanza kupwaya. Mzee ni mtu wa umri. Mswahili asemapo penye wazee haliharibiki neno, anaamini kuwa miaka imewafunza watu hao jambo. Mrundi naye anauheshimu umri: kijana humpa mkubwa kitu kwa mkono wa kulia huku ule wa kushoto umeushika wa kulia, wala hamkatizi maneno. Lakini intahe haikutolewa kwa kuhesabu mvi.

Mtu aliangaliwa kwanza, tena kwa miaka. Majirani zake wa kilima kimoja walimpima kwa mambo ya kila siku: je, anasema kweli hata ikimuumiza? Akinywa pombe anabaki mtu au anageuka? Nyumbani kwake kukoje? Akiambiwa siri inakaa? Bashingantahe waliomtangulia walimweka karibu nao, akasikiliza mashauri bila kuamua lolote, akajifunza. Walioridhika naye walimsimamisha mbele ya watu katika sherehe iitwayo kwatirwa, pombe ya ndizi na ya mtama ikiwapo, naye akala kiapo mbele ya kilima kizima. Mkewe alihusishwa, kwa maana nyumba iliyogawanyika haiwezi kuwapatanisha wengine. Mzee wa miaka 70 mwenye ulimi mwepesi angeweza kufa bila kuipata heshima hiyo, na mtu wa makamo, maskini lakini mnyoofu, akaipata. Aliyevunja kiapo aliweza kuvuliwa.

Hatupendi kupamba. Wanawake hawakuapishwa kwa nafsi zao, na Watwa kwa muda mrefu waliachwa nje. Hizo ni kasoro, na anayetaka kuirudisha mila hiyo jinsi ilivyokuwa inampasa aseme atazifanyaje. Hata hivyo Wahutu na Watutsi waliapishwa kwa kiapo kilekile na kukaa baraza moja, jambo ambalo kwa historia ya nchi hii si dogo.

Kazi yao ilikuwa nini? Walisuluhisha ugomvi wa ndugu na wa majirani. Walishuhudia posa, mirathi, ununuzi wa ng'ombe na, zaidi ya yote, mipaka ya mashamba. Msomaji wa nje akumbuke kwamba kwa kawaida Warundi wa mashambani hawakuishi katika vijiji vya nyumba zilizosongamana bali waliishi wametawanyika vilimani, kila kaya katikati ya migomba yake. Mpaka ulikuwa ua wa minyaa, au mti wa umuvumu, au kijito. Hati haikuwapo. Hati ilikuwa kichwani mwa bashingantahe, na ndiyo maana kuwadharau lilikuwa jambo la hatari: aliyewadharau leo kesho angehitaji ushahidi wao. Na tuzingatie hili, maana ndilo linaloshikilia hoja yetu yote: wakati huo mtawala hakuwateua. Walikaa pia katika baraza la chifu na la mwami, wakamshauri, na mizizi ya mamlaka yao ilikuwa kwa majirani waliowaona wakikua.

Mwaka 1903 Mwami Mwezi Gisabo alilazimika kukubaliana na Wajerumani huko Kiganda. Mwaka 1916 wakaja Wabelgiji. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 walipunguza idadi ya machifu na kuzipanua sehemu zao, wakaanzisha mahakama za machifu zenye daftari na karani. Bashingantahe hawakufutwa. Walivuliwa tu yale mashauri makubwa, kisha wakatakiwa wayasaidie yale ambayo kila mtu aliyachukia: kodi, kazi za shuruti, mashamba ya kahawa. Ni vigumu mtu kukuheshimu asubuhi kama mpatanishi ikiwa jioni umekuja na mjumbe wa chifu kumhesabia miche.

Hapo ndipo na vijana walipoanza kuwa na njia zao. Maelfu walivuka mpaka kwenda kufanya kazi Uganda, na wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kule kulikoitwa Manamba. Aliyerudi alikuwa na fedha za kujilipia mahari mwenyewe. Zamani alimngoja baba, na baba aliwangoja bashingantahe wamsindikize ukweni. Sasa kijana aliwakaribisha. Na aliyekwenda shule ya misheni aliweza kusoma karatasi ambayo mzee aliigeuza juu chini. Walimu wenzetu wa Kiswahili wataona kitu cha kuvutia hapa: maneno ya Kirundi igitabo na ikaramu yametoka kwetu, katika kitabu na kalamu. Kiswahili, tupende tusipende, kilikuwa upande wa karatasi, si upande wa kifimbo.

Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, ufalme ukaondolewa Novemba 1966, na UPRONA ikabaki chama pekee. Wengi hudhani kwamba dola mpya iliwapuuza wazee. Kinyume chake, iliwapenda mno. Iligundua kwamba jina "mushingantahe" linafungua milango, ikalitumia. Watu wa chama walipewa jina hilo bila kuangaliwa na majirani, bila kwatirwa, bila kiapo. Sheria ya mahakama ya mwaka 1987 iliwataja bashingantahe wa kilima kama wasaidizi wa haki, na hiyo ilikuwa heshima; lakini kwenye vilima vingi tayari hapakuwa na uhakika ni yupi aliyeapishwa na ni yupi aliyeteuliwa. Ile pombe ambayo wenye shauri waliwaletea wasuluhishi kama shukrani, agatutu k'abagabo, katika mikono isiyo na kiapo iligeuka kuwa malipo, na malipo yakawa bei.

Kuhusu mauaji ya mwaka 1972 na yale yaliyofuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mnamo Oktoba 1993 hatutaandika mengi hapa. Yanahitaji makala yake. Itoshe kusema kwamba wako bashingantahe waliowaficha majirani, wako waliouawa, na wako walionyamaza. Hao walionyamaza ndio wanaokumbukwa kwa uchungu, kwani kwao kiapo kilikuwa kimewakataza hasa jambo hilo.

Vita vikiwa bado vinaendelea, mwaka 1997 serikali iliunda baraza la kitaifa la bashingantahe. Wajumbe walitokana na uamuzi wa serikali. Kisha Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, ulioanza kusuluhishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, ukasema kwamba baraza la Ubushingantahe litakaa katika ngazi ya kilima na kutoa haki kwa roho ya upatanisho. Mwaka 2005 ukaja uchaguzi wa mabaraza ya vilima, wajumbe watano watano, na sheria mpya ya tarafa ya mwaka 2010 haikuwataja tena bashingantahe. Mwaka 2021 sheria ikarudi nyuma kidogo: likaanzishwa baraza la watu waheshimiwa wa kilima, Abahuza, na mwaka 2022 wajumbe wake wakachaguliwa kwa kura. Msomaji akichoka na orodha hii hatutamlaumu. Wazee wa vilimani wamechoka nayo zaidi.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo wakimbizi waliporejea. Kuanzia mwaka 2002 takriban nusu milioni ya Warundi walirudi nyumbani, wengi kutoka Tanzania, wakiwamo waliokimbia mwaka 1972 na kuishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine wapatao 162,000 wa mwaka huo wa 1972 walibaki na kupewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Waliorudi walikuta mashamba yao yana watu, baadhi wakiwa wameyalima kwa zaidi ya miaka 30, wengine wakiwa wamegawiwa na serikali yenyewe. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006. Lakini tume iliuliza swali lilelile aliloulizwa mushingantahe: mpaka ulikuwa wapi?

Mwanafunzi wetu mmoja alizaliwa Mishamo, na familia yake ilirejea mwaka 2008. Siku moja, baada ya kipindi kuhusu maamkizi, alitusimulia walivyofika kilimani kwa babu yake. Baba yake, aliyeondoka akiwa mtoto, alimsogelea mzee wa kwanza aliyemwona na kumwamkia "Shikamoo". Mzee hakujua aitikie nini. Akasema "Amahoro", wakacheka wote wawili. Yeye na mwenzake ndio pekee waliosalia katika walioapishwa zamani. Mjumbe wa baraza la kilima, kijana aliyechaguliwa kwa kura, alikuwa na muhuri lakini hakujua lolote lililotokea kabla hajazaliwa. Kwa hekima ambayo tunaistahi, aliuacha muhuri mezani na kuwafuata wale wawili. Walitembea na pande zote mbili, polepole, mmoja akigonga chini kwa fimbo yake ya kutembelea kwa kuwa intahe ilipotea vitani, mpaka kwenye kisiki cha umuvumu. "Hapa", walisema. Shamba liligawanywa kati ya waliorudi na waliokuwamo, na wote wakanywea chungu kimoja.

Kisha wazee hao walifariki, na hakuna aliyekuwa ameandika kitu. Wana wa upande wa pili wakalifungua upya shauri mbele ya mahakama, kwa karatasi. Mwanafunzi huyo alipotusimulia, shauri lilikuwa halijakwisha.

Ndiyo maana huwa tunasita tunaposikia, hasa katika mahafali na mikutano ya wazazi, kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu kwa wakubwa. Wapo wasio na adabu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tumewaona wengi wenye kuchechemea. Lakini kwa Burundi, historia haituruhusu kuwatwika vijana mzigo wote. Kijana yule mwenye muhuri aliwatafuta wazee. Tatizo lake lilikuwa kwamba wamebaki wawili, kwa sababu kwa miaka mingi wenye mamlaka walipendelea kuteua kuliko kungoja mtu aangaliwe na majirani. Heshima iliyotoka kwa majirani ilitaka muda, na hakuna serikali yenye muda.

Hata lugha imelishuhudia jambo hili. Leo msemaji wa Kirundi akifungua hotuba husema "Bashingantahe, bapfasoni", nasi tunatafsiri "Mabwana na mabibi" bila kusita, na tafsiri ni sahihi. Mwanamke humwita mumewe mushingantahe wake. Fundi asiyemjua mteja humwita mushingantahe. Cheo kilichoapiwa mbele ya kilima kimekuwa neno la adabu kwa kila mwenye suruali, sawa na "mheshimiwa" linavyopata tabu katika Kiswahili cha leo. Yule mwanafunzi wa Buyenzi aliyeandika "bwana" alikuwa ameisikia lugha ya mjini vizuri kabisa. Matini aliyopewa ilikuwa ya shauri la ardhi la zama za wafalme, na hapo ndipo alipojikwaa.

Kwa sasa darasani tunafanya hivi. Katika hotuba tunaruhusu "mabwana". Katika matini za sheria ya mwaka 2021, Abahuza tunawaita "wapatanishi". Katika matini za kihistoria tunamwacha mushingantahe kwa jina lake la Kirundi, tukilieleza mara moja linapotokea kwanza. Mwaka uliopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alinyoosha mkono na kuuliza: hawa wapatanishi waliopigiwa kura, nani aliwaangalia kabla, na waliapa mbele ya nani? Tulimwomba aliandikie tasnifu. Amekubali, na ameanzia kwenye kilima cha kwao, akiwa na daftari na kinasa sauti.