Noti za dola zenye jina la mji
Kuanzia 1863 mpaka 1935, banki nyingi za Marekani, hata za miji midogo, zilitoa noti za dola zenye jina la banki na mji wake. Kila banki iliweka kwanza dhamana katika hazina ya serikali. Banki ikianguka, hazina ililipa mwenye noti. Huku Zaire, Desemba 1979, noti za zaire 5 na 10 zilifutwa. Watu walipewa siku chache tu kuzibadilisha, na akiba ya wengi ikageuka karatasi.

Leo wakusanyaji wanauliza: mji gani, na zimebaki ngapi? Dola 5 ya kijiji inaweza kushinda 100 ya New York. Goma mpasuko mdogo unatosha dola kukataliwa sokoni. Kwao, hata iliyochanika inanunuliwa, mradi ni ya pekee.