Neno la Kiingereza kwa anayekumbuka sivyo

Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza, kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na kivuko kilichokuwa kikivusha watu hapo kikahamia kwenye hadithi. Keti kwa mama lishe pale Busisi, agiza ugali na sato, kisha uliza foleni ya kivuko ilikuwaje. Huyu atasema saa mbili. Yule ataapa alilala kwenye basi hadi alfajiri, na shemeji yake aliyekuwa kwenye basi hilohilo atakataa katakata. Hakuna anayedanganya.

Waingereza wana neno lake: "misremember", kukumbuka sivyo. "Mis" ni kiambishi cha kale cha kukosea. "Remember" lilipitia Ufaransa, likitokea kwenye Kilatini "memor", mwenye kukumbuka. "Misremember" limeandikwa tangu miaka ya 1530. Lakini Februari 2008, mchezaji wa besiboli Roger Clemens alipolitumia mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akidai rafiki yake alikumbuka sivyo maongezi yao kuhusu dawa za kuongeza nguvu, wengi walimcheka wakidhani kalibuni yeye. Neno la karibu miaka 500!

Kueleza kosa lenyewe kulichukua muda zaidi. Mwaka 1932, Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha kitabu kuhusu kukumbuka. Aliwapa watu wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, kisha waisimulie baada ya siku au miezi. Mitumbwi ikageuka boti. Mambo ya mizimu, yasiyowaingia akilini, yakapotea. Walikuwa wakiirekebisha hadithi ifanane na dunia yao bila kujijua.

Kitabu hichohicho kina mchunga mifugo wa Swaziland (sasa Eswatini) aliyetaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi na bei zao, akapatia karibu yote. Mzee wa Kisukuma hatashangaa: mchunga mifugo huyo aliwatazama ng'ombe kwa macho ya mwenye mali. Foleni ya kivuko nani aliitazama hivyo? Tulikuwa tunataka ipite tu, na sasa kila mtu anaijaza kwa hasira au ucheshi wake.

Kwa hiyo, mwenye picha ya kivuko, tiketi au daftari la mauzo ya karanga gatini, aandike nyuma yake leo: tarehe, saa ya kufika, saa ya kuvuka. Mwakani atakuwa amekwisha kuirekebisha kumbukumbu yake.