Milia ya mahindi: siku mdudu alipotobolewa utumbo kule Amani

Hebu ingia kwenye shamba la mahindi ya wiki tatu hivi, msimu ambao mvua za mwanzo zimenyesha kisha zikakatika. Mche mmoja ni kijani safi. Jirani yake, uliopandwa siku ile ile, una milia ya njano iliyonyooka kufuata mishipa ya jani, kana kwamba mtu kaichora kwa rula. Mbegu ni ile ile, mbolea ni ile ile. Sasa mkulima kakosea wapi?

Swali hili lina zaidi ya miaka 120. Mwaka 1901 Claude Fuller, mtaalamu wa wadudu wa serikali ya Natal, Afrika Kusini, aliuelezea ugonjwa huu kwa maandishi, akadhani chanzo chake ni udongo. Tusimcheke. Jani la njano mara nyingi kweli ni dalili ya mmea kukosa chakula. Ila ukiamini hivyo hapa, utamwaga mbolea mpaka uchoke na milia itabaki pale pale.

Aliyefumbua fumbo ni H. H. Storey. Miaka ya 1920, huko huko Natal, alionyesha kwamba anayeeneza milia ni kidudu kirukacho cha jamii ya jasidi, chenye urefu wa milimita 3 hivi, kiitwacho Cicadulina mbila (kwa Kizulu mahindi ni umbila). Kinafyonza utomvu wa mche mgonjwa, kinahamia mzima, na siku chache baadaye milia inatokea. Basi kinachosambaa ni kirusi.

Baadaye Storey alihamia Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na kuendelezwa na Waingereza. Huko alikuwa na kitendawili kingine: kuna jasidi waliofyonza mche mgonjwa na bado hawakuambukiza hata mche mmoja. Ni spishi ile ile, chakula kile kile! Akazalisha waambukizaji peke yao na wasioambukiza peke yao, kisha akawachanganya. Mwaka 1932 akatangaza kwamba uwezo wa kuambukiza unarithiwa, tena kwa jeni inayoambatana na jinsia ya mdudu.

Mwaka uliofuata akaja na jaribio ambalo mimi huliona tamu kuliko yote. Alichukua jasidi wasioambukiza, akawatoboa utumbo kwa sindano nyembamba mno. Kumbe! Waliponyonya mche mgonjwa, wakaanza kuambukiza. Maana yake kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Kirusi lazima kiuvuke, kiingie mwilini, kifike kwenye mate. Kikishavuka, mdudu huyo anaweza kuambukiza maisha yake yote.

Mkulima anafaidika nini na utumbo wa mdudu? Anafaidika sana. Kirusi hakipiti kwenye mbegu wala hakikai kwenye udongo. Kila msimu kinaletwa na mabawa. Kati ya misimu jasidi wanaishi kwenye nyasi, na baadhi ya nyasi hizo zina kirusi. Jua likizikausha, wanahamia penye ubichi, na mara nyingi ubichi huo ni mahindi yako machanga. Ndiyo maana ukame ukichanganyika na mvua za kusuasua, milia huzidi.

Halafu kuna suala la umri. Mche ukiambukizwa wiki za mwanzo unaweza usizae gunzi la maana. Ukiambukizwa ukiwa umeshakua, hasara ni ndogo, kwa sababu milia hutokea kwenye majani mapya tu. Kwa hiyo kinacholindwa hasa ni zile wiki za mwanzo: panda mapema, pandeni pamoja na majirani, na usiweke mahindi machanga kando ya makuukuu, maana wadudu watavuka tu.

Utafiti uliendelea. Mwaka 1974 watafiti wa Muguga, Kenya, kituo kilichorithi kazi ya Amani, walifanikiwa kukisafisha kirusi chenyewe; chembe zake zimeungana mbili mbili kama mapacha. Kule Ibadan, Nigeria, taasisi ya IITA ilifuga jasidi kwa maelfu na kuwaachia kwenye miche michanga, ili ibaki ile inayostahimili. Hapo somo la Storey lilihitajika moja kwa moja: ukiachia jasidi wasioambukiza, kila mche utaonekana shujaa. Tanzania nayo ina mbegu zinazostahimili milia, kama TMV-1.

Kwa hiyo ukiuona ule mche wa njano kando ya wa kijani, usikimbilie kununua mfuko mwingine wa mbolea. Angalia kwanza nyasi za pembeni, na tarehe uliyopanda.