Usalama wa Taifa na Ujirani Uliovunjika: Uhusiano wa Tanzania na Uganda, 1971–1979

1.0 Utangulizi

Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Uganda yalivuka mpaka wa Mutukula na kuingia katika ardhi ya Tanzania. Siku chache baadaye Idi Amin alitangaza kwamba eneo lote lililo kaskazini ya Mto Kagera ni sehemu ya Uganda. Katika kumbukumbu za Watanzania wengi, tukio hili husimuliwa kama zao la kichaa cha mtu mmoja. Maelezo ya namna hiyo yanatosha kueleza hasira ya wakati ule. Hayatoshi kueleza historia. Yanaacha maswali mawili bila majibu: kwa nini eneo hilo lilikuwa rahisi kuvamiwa, na kwa nini hapakuwa na chombo chochote cha Afrika kilichoweza kuuzuia uvamizi huo au kuusuluhisha?

Makala haya yanajenga hoja kwamba mgogoro wa Tanzania na Uganda ulitokana na mambo matatu yaliyoingiliana: mpaka uliorithiwa kutoka kwa wakoloni, wakimbizi wa kisiasa waliobeba silaha, na udhaifu wa taasisi za kikanda. Aidha, makala yanaonesha kwamba Tanzania haikuwa mtazamaji tu katika kuvunjika kwa ujirani huo. Kukiri jambo hili hakumpunguzii mvamizi lawama yake. Kunatusaidia kuelewa jinsi hofu ya usalama inavyozaliwa na kukua kati ya majirani.

2.0 Mpaka uliochorwa kwa rula

Chimbuko la mpaka huu ni mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Magharibi ya Ziwa Viktoria, mataifa hayo mawili yalikubaliana kufuata latitudo ya digrii moja kusini ya Ikweta. Mstari huo haukuzingatia mto, kilima wala makazi ya watu. Mto Kagera, kwa upande wake, hupinda kuelekea kusini ya mstari huo kabla ya kurudi kaskazini na kumwaga maji yake ziwani. Matokeo yake ni kwamba kipande cha ardhi chenye ukubwa wa takriban kilometa za mraba 1,800 kiliachwa upande wa Tanganyika, lakini kikatengwa na sehemu nyingine ya nchi kwa maji.

Kwa mkulima au mfugaji wa Missenyi, hali hiyo haikuwa tatizo kubwa. Jamaa waliishi pande zote mbili za mpaka, na biashara ilivuka pamoja nao. Kwa mtazamo wa ulinzi, hata hivyo, hali ilikuwa tofauti kabisa. Anayelinda ardhi hiyo ana adui mbele yake na mto nyuma yake, na njia kuu ya kuvukia ilikuwa daraja moja la Kyaka. Wanajeshi wa Amin walilitambua hilo. Mwanzoni mwa Novemba 1978 walilibomoa daraja hilo ili mto uwe mpaka kwa vitendo, kama Amin alivyokuwa ameutangaza kwa maneno.

Kisheria, Tanzania ilisimama mahali imara. Mwaka 1964 huko Cairo, viongozi wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walipitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyokuwapo wakati wa uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Ni vyema kutaja pia kwamba miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1967, Tanzania yenyewe ilipinga tafsiri ya Malawi kuhusu mpaka wa Ziwa Nyasa, ikisema mstari unapaswa kupita katikati ya ziwa badala ya kufuata ufuko wa mashariki. Mfano huu unadhihirisha kwamba urithi wa mipaka ulikuwa mzigo hata kwa walioukubali kwa moyo.

3.0 Wakimbizi wenye silaha

Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote alipinduliwa akiwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alikataa kuutambua utawala wa Amin, akampa Obote hifadhi Dar es Salaam. Maelfu ya Waganda, wakiwamo askari, walimfuata katika uhamisho. Kwa Tanzania, huo ulikuwa wajibu wa kiutu na msimamo wa kisiasa. Kwa Kampala, lilikuwa jeshi la adui lililopiga kambi uani kwa jirani.

Hofu ya Kampala ilipata ushahidi tarehe 17 Septemba 1972. Wapiganaji zaidi ya elfu moja, wengi wao wafuasi wa Obote pamoja na kundi dogo lililoongozwa na Yoweri Museveni, walivuka mpaka kutoka Tanzania na kushambulia kuelekea Masaka na Mbarara. Shambulio hilo lilishindwa vibaya. Amin alijibu kwa kudondosha mabomu Bukoba na Mwanza. Kwa usuluhishi wa Somalia, nchi hizi mbili zilifikia Mkataba wa Mogadishu mnamo Oktoba 1972, uliozitaka ziondoe majeshi mpakani, zikome kurushiana propaganda na zisiwatumie wapinzani wa upande mwingine.

Mkataba huo ulizima moto bila kuondoa kuni. Obote alibaki Tanzania na Amin alibaki madarakani, huku mauaji ndani ya Uganda yakizidi kuzalisha wakimbizi wapya. Kila upande ulishika kile ulichokiita ngao, na upande wa pili ukaona mkuki.

4.0 Macho yaliyoelekea kusini

Swali linalobaki ni kwa nini, licha ya historia hiyo, kaskazini-magharibi ilikuwa na ulinzi hafifu mwaka 1978. Jibu linapatikana upande wa pili wa nchi. Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU. FRELIMO iliundwa katika jiji hilo mwaka 1962, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, aliuawa humo kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Wareno walikuwa ng'ambo ya Ruvuma hadi mwaka 1975. Baada yao, Rhodesia iliendelea kuishambulia Msumbiji huru. Malawi ya Kamuzu Banda ilishirikiana na Ureno na Afrika Kusini.

Kwa hiyo, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa Septemba 1964 baada ya maasi ya askari ya Januari mwaka huo, lilikua likijifunza kutazama kusini. Taifa maskini haliwezi kulinda pande zote kwa nguvu sawa. Lililazimika kuchagua hatari ipi ni kubwa zaidi, na mwaka 1978 hatari iliingia kupitia mlango mwingine.

5.0 Taasisi zilizoshindwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1967, ingeweza kuwa baraza la kusuluhisha. Lakini mamlaka yake ya juu yalikuwa mikononi mwa marais watatu, na baada ya mwaka 1971 Nyerere hakukubali kukaa meza moja na Amin. Tofauti za kiuchumi na kiitikadi kati ya Kenya na Tanzania zilimalizia kazi. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya.

OAU nayo ilifungwa na kanuni yake ya kutoingilia mambo ya ndani ya wanachama. Mwaka 1975 mkutano wake wa wakuu ulifanyika Kampala na Amin akawa mwenyekiti, Tanzania ilisusia. Uvamizi ulipotokea mwaka 1978, Tanzania ilitaka mvamizi alaaniwe, lakini wasuluhishi walihimiza pande zote mbili zisitishe mapigano, kana kwamba aliyevunja nyumba na mwenye nyumba walikuwa na kosa moja.

Nyerere alilitangazia taifa kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga mvamizi vyote vilikuwapo. Mgambo na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa waliingizwa vitani. Kufikia Januari 1979 ardhi yote ilikuwa imekombolewa. Uamuzi wa kuendelea ndani ya Uganda ndio uliozua mjadala. Masaka ilitekwa Februari, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979, ingawa Libya ilikuwa imetuma askari kumsaidia Amin. Katika mkutano wa OAU uliofanyika Monrovia mwezi Julai, Sudan na Nigeria zilikilaumu kitendo cha kuvuka mpaka na kuiangusha serikali ya nchi nyingine. Nyerere alijibu kwa kuhoji ukimya wa Afrika juu ya mauaji ya Waafrika yanayofanywa na Waafrika wenzao. Zaidi ya miongo miwili ilipita kabla ya Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 kuruhusu uingiliaji panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu.

6.0 Gharama na hitimisho

Ushindi ulikuwa ghali. Vita vilikula fedha za kigeni wakati bei ya mafuta ikipanda, na wananchi waliombwa kufunga mikanda kwa miezi kumi na minane. Mikanda hiyo haikulegezwa kwa muda mrefu zaidi. Askari wa Tanzania walibaki Uganda hadi mwaka 1981. Mkoa wa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera. Wakazi wa ng'ambo ya mto waliorudi walikuta nyumba zimebomolewa na ng'ombe wamechukuliwa, na mateso yao hadi leo yametajwa kidogo kuliko majina ya makamanda.

Makala haya yamebainisha kwamba usalama wa taifa hautokani na nguvu ya jeshi peke yake. Mpaka uliorithiwa unahitaji makubaliano yanayohuishwa. Hifadhi ya wakimbizi inahitaji kutenganishwa na kambi za kivita. Na ujirani unahitaji meza ambayo hata mahasimu wanalazimika kuikalia. Vitu hivyo vitatu vilikosekana kati ya mwaka 1971 na 1978. Wanajeshi waliolipia upungufu huo wamelala Kaboya, kaskazini-magharibi, kama wenzao wa vita vya ukombozi walivyolala Naliendele, kusini. Makaburi hayo mawili, katika pembe mbili za nchi, ndiyo ramani iliyo wazi zaidi ya hofu za usalama za Tanzania katika kipindi hicho.