Ufa Upi wa Kuogopwa?

Biashara ya saruji Athi River, kaunti ya Machakos, si ya jana. Kampuni ya East African Portland Cement, yenye kiwanda hapo, ilianzishwa mwaka 1933. Saruji ikichanganywa na mchanga, kokoto na maji huwa zege, na zege, hata likiwa zuri, halikosi nyufa. Kwa miaka mingi wahandisi waliumizwa kichwa na swali moja: ufa upi utatulia, na upi utaangusha jengo?

Jibu la kwanza lilitokana na kioo. Mwaka 1921 Mwingereza A. A. Griffith alichapisha hoja kwamba ufa hukua pale tu nishati inayoachiliwa na kitu kilicholemewa inapotosha kufanya nyuso mpya za mpasuko. Hesabu hiyo ilikifaa kioo. Zege lenye kokoto na nondo liliishinda.

Ndipo kompyuta ikaingia. Mwaka 1967 D. Ngo na A. C. Scordelis, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliigawa boriti ya zege katika vipande vidogo, kompyuta ikakokotoa nguvu ndani ya kila kipande. Hata hivyo, mahali pa ufa walipapanga wenyewe. Mwaka 1976 Arne Hillerborg na wenzake nchini Uswidi walionyesha namna ya kukokotoa ufa wa zege ambao kingo zake huendelea kushikana hata baada ya kuanza kuachana. Mwaka 1999 Ted Belytschko na wenzake, Marekani, waliuwezesha ufa kukata katikati ya vipande bila vipande hivyo kupangwa upya kila unaposogea.

Elimu hiyo inahitajika sana kwenye tambarare za Athi. Udongo wake mweusi huvimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi, ukizipandisha na kuzishusha nyumba zenye msingi usio na kina. Lakini programu hukokotoa kile ilicholishwa: nguvu halisi ya zege, kina cha msingi, tabia ya udongo. Zege lililopunjwa saruji haliokolewi na kompyuta. Anayejenga Athi River apime udongo kabla ya kuchimba msingi na apeleke sampuli za zege maabara. Ufa ukijitokeza, aweke alama kwenye ncha zake, aandike tarehe, kisha amwite mhandisi kabla ya kumwita mpaka rangi.