Kipenyo na Kasi: Msumeno wa Duara katika Karne ya 19

Historia ya msumeno wa duara mara nyingi huanza na kuishia kwenye swali la nani aliuvumbua. Samuel Miller wa Southampton, Uingereza, alipewa hataza mwaka 1777. Nchini Marekani hupendwa zaidi hadithi ya Tabitha Babbitt, mwanamke wa jumuiya ya Shaker, na mwaka 1813. Swali hilo halitufikishi mbali. Lililowasumbua wapasuaji mbao lilikuwa jingine: ukubwa wa msumeno na kasi yake, kwani kimoja hakibadiliki bila kukigusa kingine.

Msumeno wa duara hukata kina kisichofika nusu ya kipenyo chake, kwa kuwa mhimili umekaa katikati. Magogo makubwa ya Marekani yalidai misumeno mikubwa. Lakini kinachokata ni mwendo wa jino lenyewe pale ukingoni. Msumeno wa kipenyo cha mita 1.5 ukizunguka mara 600 kwa dakika, meno yake huenda takribani mita 47 kwa sekunde. Msumeno wa mkononi wa seremala wa leo, wenye kipenyo cha milimita 184, unahitaji karibu mizunguko 5,000 kufikia mwendo huohuo.

Ule mkubwa ukizidishiwa kasi, chuma cha ukingoni hutanuka kuliko cha katikati, msumeno huyumba, na ubao hutoka umepinda. Kasi ikipunguzwa bila kupunguza msukumo wa gogo, kila jino hubeba mzigo mkubwa zaidi. Mafundi wasiotajwa sana vitabuni ndio waliolitatua jambo hili, kwa nyundo. Waligonga sehemu ya kati ya msumeno ili kuitanua mapema. Ukisimama ulionekana umebonyea kidogo, lakini ukifikia kasi yake ulinyooka. Uliogongwa kwa kasi moja haukufaa kwa nyingine. Kwa maoni yangu, ufundi huo unazidi hataza nyingi zinazosifiwa.

Kunoa nako kulileta shida. Kila tupa ilipopita, kipenyo kilipungua, na mwendo wa meno ukapungua pia. Katika miaka ya 1860 Nathan Spaulding wa Sacramento, California, alitengeneza meno ya kuchomeka yaliyokaa katika matundu yaliyopinda. Jino likichakaa lilibadilishwa, na kipenyo kikabaki kilekile.

Gharama moja haikuondoka. Msumeno mkubwa ulipaswa kuwa mnene ili usiyumbe, na njia yake ndani ya mti iliweza kufika milimita 8. Kwa kila ubao wa milimita 25, karibu robo ya mti iligeuka unga. Msumeno wa ukanda, ukikata njia ya milimita 3, ulipoteza karibu sehemu moja ya tisa tu. Kuelekea mwisho wa karne, viwanda vikubwa vilianza kuupa msumeno wa ukanda kazi ya kupasua magogo, na wa duara ukaendelea kunyoosha kingo za mbao na kuzikata urefu.